Chai Isiyo na Majani

Jumatano, 8 Januari

Wiki ya sita bila shule. Matokeo bado. Mama anasema mtu asiye na shule wala kazi miguu yake ni mali ya nyumba nzima, kwa hiyo natumwa mimi. Chumvi, mimi. Sabuni, mimi. Kumwita fundi bomba — mimi, na nilirudi bila fundi kwa sababu niliona haya kubisha mlango mara ya pili.

Leo alinituma Bibi. Kopo la vifungo, kama kawaida. Bibi anamshonea vifungo rafiki yake, Fundi Cherehani. Macho ya Fundi hayalioni tena tundu la sindano, ya Bibi bado yanaliona. Basi kila baada ya siku mbili kopo linakwenda na kurudi, na mimi katikati. Linanuka vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza nondo. Nalishika mbali na pua.

Mlango wa pili kutoka kwa Fundi kuna duka la zawadi. Nimelipita mara mia. Mishumaa, fremu za picha, vikombe vya maandishi. Sijawahi kuingia, maana duka kama lile utaulizwa unataka nini, halafu itabidi ujibu. Leo mlango ulikuwa wazi na harufu ikatoka. Machungwa, lakini si machungwa tu. Na kitu kama mbao mpya. Nikasimama. Sijui nilisimama muda gani.

Mwenye duka akasema, "Ingia, binti. Harufu haionjwi mlangoni."

Niliingia! Rafu nzima ya makopo madogo, kumi na mawili, kila moja na kadi iliyofungwa kwa uzi. Chai za waridi na vanila. Mnanaa na limau. Tufaha na karafuu. Maua mekundu ya rozela. Machungwa na mdalasini. Alinifunulia moja moja nikanusa. Kisha akaniambia jambo lililonifanya nikae kwenye kigoda bila kukaribishwa: ndani ya makopo yale hamna hata jani moja la chai. Ni maua, maganda, magome na matunda yaliyokaushwa. Yanaitwa chai kwa sababu yanatiwa maji moto, basi.

Hamna hata jani moja! Nilitaka kumweleza kila kitu. Kwamba Bibi alianguka bafuni mwezi uliopita, moyo unamwenda mbio kama umefukuzwa. Kwamba daktari alimkataza majani ya chai kabisa, na Bibi bila chai si Bibi. Kwamba Mama aligawa majani yote kwa jirani, na sisi wote tumeacha ili asiwe peke yake. Kwamba kila asubuhi anakunywa maji moto na kusema tunamwogesha kwa ndani.

Nilichosema ni "bibi yangu" na "asante". Mara mbili. Lakini mwenye duka akanifungia waridi na vanila kwenye karatasi, ya kuonja. Amejizungushia vipande vya riboni mkononi hadi karibu na kiwiko, ili visimpotee. Nimempa jina moyoni: Mama Riboni.

Jioni Bibi alinusa, akafumba macho. Akanywa mara moja. Akaweka kikombe chini.

"Mke mwenzangu," akasema — ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe — "hii imevaa vizuri sana. Lakini haina mtu ndani."


Ijumaa, 10 Januari

Rozela. Bibi amekunja uso kama mtoto. Amesema imemuuma kabla hajaiuma.

Mnanaa na limau. Kasema dawa ya meno.

Sikati tamaa. Nimerudi dukani, na safari hii niliongea sentensi nzima. Nilimwambia Mama Riboni kwamba bibi yangu anatafuta kitu kizito. Akafikiri. Akanipa kopo kamili la machungwa na mdalasini. Nikasema siwezi kulichukua bure. Akaniuliza hati yangu ikoje. Nikaandika jina la chai kwenye kipande cha kadi, akakiangalia, akanisukumia kadi ishirini na kalamu. Ndivyo nilivyolilipia kopo.


Jumapili, 12 Januari

Ajabu. Ajabu kabisa.

Juzi machungwa na mdalasini aliyanywa nusu kikombe kwa kunihurumia tu, niliona. Jana nimempeleka kopo la vifungo kwa Fundi na kulirudisha. Leo asubuhi Bibi anasema anataka kuijaribu tena ile chai yangu, lakini aipike mwenyewe, chumbani, kwenye chupa yake ya chai. Anasema sisi tuna haraka, hatuiachi ikae. Akajifungia. Baadaye akaniita. Alikuwa kwenye kikombe cha pili!

"Sasa hii," akasema, "ina mtu ndani."

Akanishika kidevu. Kasema mkono wangu mtamu. Kasema nyumba hii yote imehangaika naye na hakuna aliyemponya ila mimi. Uso wake ulikuwa na rangi tena. Alianza hata kumtania Mama kuhusu kilemba chake, na Mama akacheka, ambaye hajacheka tangu siku ya bafuni.

Mimi ninapenda kujua naweza nini. Shuleni sikujua. Nilikuwa wa katikati katika kila kitu, hata kwenye mstari. Sasa najua. Naweza kunusa, na naweza kumfurahisha Bibi.

Chai yake imekolea kuliko ya dukani. Ni kweli basi, tunakuwa na haraka.


Jumanne, 14 Januari

Nina kazi! Saa nane hadi saa kumi na moja, kila siku isipokuwa Jumapili.

Mama Riboni alinifunga kitambaa machoni akanipitishia makopo puani. Nilikosea moja tu kati ya kumi na mawili, na hilo anasema hata yeye hulikosea. Akanivalisha aproni. Kazi yangu ni kujaza makopo kutoka kwenye magunia madogo ya nyuma, kuandika kadi, na kufunga zawadi. Kabla ya kujaza kuna utaratibu wake: unachota kijiko kimoja, unakimwaga juu ya karatasi nyeupe, unakitawanya kwa kijiti cha meno. Ukiona kitu kisichostahili kuwepo — kijiwe, uzi, mdudu — unarudisha gunia zima. Anasema watu hununua zawadi kwa imani, hawafungui.

Kila kadi ina jina la chai, na chini yake maneno manne niliyopendekeza mimi. *Haina majani ya chai.* Nilimwambia kuna watu wanaoyahitaji maneno hayo kuliko jina lenyewe. Akakubali. Leo nimeyaandika mara thelathini na sita, kwa mkono wangu.


Jumamosi, 18 Januari

Mwanamume mmoja alitaka chai yenye harufu ya kuomba msamaha. Kwa mke wake. Nikampa tufaha na karafuu. Mama Riboni alijificha nyuma ya karatasi za zawadi akicheka.

Nimeongea na watu kumi na mmoja leo. Wageni kabisa. Wa kumi na mmoja alikuwa mwalimu wangu mkuu! Anatafuta zawadi za kuwaaga walimu wanaostaafu. Alinitazama kana kwamba kabati limeanza kuongea. Ameagiza makopo ishirini, atayafuata wiki ijayo. Mama Riboni anasema hajawahi kuuza ishirini kwa mkupuo, na kwamba ni mimi.

Kopo la vifungo nimelipitisha nikienda kazini. Siku hizi linakwenda kila siku. Fundi ana sare nyingi za shule za kushona, anasema Bibi.


Jumatano, 22 Januari

Siwezi kuandika vizuri.

Saa sita mchana Bibi alikuwa anapukuchua maharage kibarazani. Akasema, "Umeanza tena." Nikafikiri anasema jua. Akaweka mkono kifuani. Midomo ikawa ya kijivu. Nilipoushika mkono wake niliusikia moyo hadi vidoleni, unakimbia, unajikwaa, unakimbia.

Kliniki. Nesi alimuuliza Mama maswali yale yale: vidonge anakunywa? Anakunywa. Chumvi? Kidogo. Chai? Mama akaapa kwamba nyumbani kwetu hakuna majani ya chai tangu Desemba, hata ya kuonyesha. Nesi akaandika. Hakusema tunadanganya. Aliuliza tena tu, polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya pili. Mama akarudia jibu lake. Bibi alikuwa amefumba macho.

Wamemtundikia dripu, wamemwacha alale huko hadi kesho. Turudi Jumatano ijayo kupimwa tena.


Alhamisi, 23 Januari

Bibi amerudi. Shangazi amekuja.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, na Baba kazi yake iko mbali, anakuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo Shangazi akija hapa huja na sauti za wawili. Alikagua jikoni. Alifungua makopo yote. Hakupata majani, na akawa kama amekasirishwa na hilo zaidi. Akamwambia Mama kwa adabu kubwa kwamba hamlaumu mtu, ila mama yake alikuwa mzima akiwa mikononi mwa watoto wake, na sasa yuko mikononi mwa mkwe na hali ndiyo hii. Akasema Jumatano vipimo vikiwa vibaya tena, atamchukua Bibi kwake moja kwa moja. Sanduku atalipanga yeye mwenyewe.

Kwa Shangazi ni siku nzima kwa basi. Ghorofa ya nne. Bibi atakuwa anatazama mabati ya watu.

Mama aliendelea kuosha kikombe kilichokwisha oshwa.

Nilimngoja Bibi aseme, "Mkwe wangu ananitunza." Hakusema.


Ijumaa, 24 Januari

Ninaandika haya mara moja ili nisijidanganye baadaye kwamba sikuona sawasawa.

Usiku kucha niliwaza: ni nini kilichobadilika? Vidonge vile vile. Chakula kile kile. Kilichobadilika ni kimoja, nacho nilikileta mimi.

Asubuhi Bibi alipokuwa anaoga niliingia chumbani mwake nikachukua kopo la machungwa na mdalasini. Nikamwaga kijiko juu ya karatasi nyeupe. Kijiti cha meno. Maganda ya machungwa. Vipande vya mdalasini. Na katikati yake, vyeusi, vimejikunja kama kucha za mdudu — vingi, si kimoja, si viwili. Nikavitia kwenye maji moto. Vikafunguka.

Majani ya chai.

Alikuwa anayachanganya. Mama Riboni. Nusu gunia la kweli, nusu majani ya kawaida ya kuongezea uzito, na anajua hakuna atakayefungua kwa sababu ni zawadi. Na yale mambo ya karatasi nyeupe yote ni maonyesho, kwa ajili ya mjinga kama mimi. Alisema watu hununua kwa imani. Nilidhani anaiheshimu hiyo imani. Kumbe anailima.

Maneno manne kwa mkono wangu. Sijui nimeyaandika mara ngapi sasa. Mia mbili? Nimewaandikia wagonjwa wa watu uongo kwa hati nzuri.

Sikumwambia Mama. Kwanza nitakwenda mwenyewe.


Jumamosi, 25 Januari

Nimefanya.

Sijawahi kupaza sauti mbele ya watu. Leo nimepaza. Nilikuwa nimepanga kusema tukiwa wawili, lakini nilipofika mwalimu mkuu alikuwa amesimama pale na makopo yake ishirini yamefungwa riboni, Mama Riboni akimsifia hati ya kadi. Hati yangu! Nikaweka karatasi yangu mezani, ile yenye vile vyeusi. Nikasema chai hii ina majani. Nikasema bibi yangu alilazwa kwa ajili yake. Nilisema yote, hadi mwisho, na watu wawili waliokuwa kwenye mishumaa wakageuka.

Mama Riboni alikwenda nyuma akaleta gunia la machungwa na mdalasini, akachota vijiko vitano mahali mbalimbali, hadi chini, akavimwaga juu ya karatasi mpya. Hakukuwa na kitu. Nikasema hilo ni gunia la kuonyesha. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Si hasira. Kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Mwalimu mkuu akasema, "Huyu binti nimekaa naye miaka minne. Hajui kusema uongo." Akayasukuma makopo yake ishirini nyuma, taratibu, akaondoka.

Nilivua aproni nikaikunja. Nikiwa mlangoni Mama Riboni aliniita.

"Ungeniuliza kwanza," akasema. "Tukiwa wawili. Ningekuuliza mimi."

Nikaondoka nikitembea haraka. Nilijiona mrefu. Nilimwambia Mama, akanikumbatia akasema nimemwokoa na Shangazi. Tulimweleza Bibi kwamba chai ile ni ya udanganyifu, asiinywe tena. Bibi aliangalia mikono yake. Akasema maskini mwanamke wa watu, labda hakujua. Nikasema Bibi, wewe una huruma mno.


Jumapili, 26 Januari

Bibi hataki kula. Amesema hana hamu. Mara mbili ameniita, nikaenda, akasema basi, alitaka tu kuniona.


Jumatatu, 27 Januari

Kopo la vifungo.

Andika tu. Andika yote.

Saa nne asubuhi nililipeleka kwa Fundi, nikipita upande wa pili wa njia nisionekane dukani. Fundi alilipokea, akageuka nalo ukutani kama anavyofanya siku zote, akalirudisha. Cherehani yake ilikuwa imesimama, hakuna kelele, na nafikiri ndiyo maana aliongea. Aliniambia nimwambie Bibi kwamba haya ya safari hii ni makali, yametoka kwa muuzaji mwingine, asitie mengi. Kijiko kimoja kinatosha. Hasa baada ya ile ya Jumatano.

Nikamuuliza makali yapi.

Akacheka. "Wewe nawe. Si ndiwe unayeyabeba?"

Kisha akaniangalia vizuri na kicheko kikamwishia mdomoni.

Nililifungua kopo palepale. Vifungo vyeupe, vyeusi, vya dhahabu. Nikaviondoa kwa vidole. Vile vidonge vya kabatini, vitatu. Chini yake kitambaa kilichofungwa fundo kwa uzi wa Bibi, fundo lake lile la kuzungusha mara mbili, nalijua, ndilo alilonifundisha. Ndani yake majani ya chai.

Tangu tarehe kumi na moja. Nilirudi nyuma kurasa za daftari hili nikaangalia. Nilipeleka kopo Jumamosi. Jumapili chai ikapata mtu ndani.

Pua yangu! Makopo kumi na mawili nikiwa nimefungwa macho, na lile nililolibeba kila siku nililishika mbali kwa sababu linanuka. Alijua nitalishika mbali.

Nilimkuta kibarazani. Nikaliweka kopo mapajani mwake, wazi. Kwanza alijaribu mzaha, akasema kumbe mke mwenzangu mpelelezi. Sikucheka. Hajawahi kunitania nisicheke.

Basi akasema. Kwamba miaka sitini ameamka na chai. Babu alimwoa akiwa na birika mkononi. Kwamba daktari ni mtoto mdogo, hajui kitu gani kinamwamsha mtu. Kwamba alipoionja ya maganda aliona harufu yake inaweza kuficha kitu, na rangi yake pia, akayachanganya mle mle kwenye kopo langu la maganda. Kidogo tu, alisema. Kijiko. Halafu viwili.

Nikamuuliza kwa nini mimi. Fundi anaweza kuja mwenyewe, ni mwendo wa dakika kumi.

"Mama yako angemkagua," akasema. "Wewe nani akukague? Wewe ukisema hakuna kitu, mtu anaona kabisa hakuna kitu. Na ndiyo maana sikukuambia. Ungejua, uso wako ungesema."

Aliyasema kama sifa.

Nikamuuliza kuhusu Mama. Alimsikia akiapa kliniki. Alimsikia Shangazi. Alinisikia mimi Jumamosi nikimwita mwanamke wa watu mdanganyifu, akaangalia mikono yake. Bibi akaanza kuvirudisha vifungo koponi, kimoja kimoja, kwa rangi.

Kisha akaomba nisimwambie Mama. Wala Shangazi, Shangazi zaidi. "Wakijua nimefanya hivi watanifungia kama mtoto. Nitakufa kule juu kwenye ghorofa, mwenzangu." Akaacha "mke". Mwenzangu tu. Akaapa ameacha tangu Jumatano. Nikamwambia kitambaa ni cha leo. Akachukua kile kitambaa, akaenda nacho kwenye sinki, akakifungua mbele yangu na kumwaga yote, akafungulia maji. Majani yaliziba tundu kidogo, akayasukuma kwa kidole.

Aliniambia, "Umeona?"

Nimeona. Nimeona pia kwamba alikuwa ananitazama mimi, si majani.

Alisema mkono wangu mtamu. Hilo ndilo linalorudi. Alinishika kidevu akanisifu, na mdomoni mwake ulikuwa utamu wa majani ya Fundi.


Jumanne, 28 Januari

Nilikwenda dukani saa nane, saa ya kazi. Kadi zangu zimetolewa kwenye makopo yote. Nyuzi zimebaki.

Nilisema samahani. Nilisema nimekosea, haikuwa yeye. Aliuliza ilikuwa nani. Sikuweza kumtaja. Yeye aliweza kunifanyia vile, na mimi siwezi kumtaja.

Mama Riboni alikuwa anasokota riboni kwa makali ya mkasi, na aliendelea. Akasema samahani ameipokea. Lakini mwalimu mkuu ameshawaambia walimu, na walimu wamewaambia ndugu zao, na hawatamwamini yeye akisema hana kosa. Wataniamini mimi. "Nenda kamwambie ulikuwaje ukweli," akasema. "Si kwamba ulikosea. Ulikuwaje. Ndipo urudi."

Na nikimwambia mwalimu mkuu, Mama atasikia kabla ya jua kutua. Na Mama akisikia, hatamficha Shangazi. Kwa nini afiche? Yeye ndiye anayeitwa mbaya.

Kila ukweli ninaoutafakari unaishia ghorofa ya nne.

Bibi ameshinda siku njema. Amekunywa maji moto mara tatu mbele yetu sote na hakusema tunamwogesha. Nilimtazama akiyamaliza. Nilitaka sana kumwamini, nikahisi ninaanza.


Jumatano, 29 Januari

Benchi la kliniki. Daftari liko juu ya goti. Namba yetu ni kumi na saba, ndani yumo kumi na tano.

Shangazi alifika jana usiku, kwa basi la mwisho. Hajakaa. Amesimama na sanduku la Bibi miguuni mwake — amelipanga alfajiri, nguo za baridi juu. Mama yuko mwisho wa benchi, mikono kwenye mkoba. Ameninong'oneza njiani kwamba leo vipimo vitakuwa vizuri kwa sababu ile chai mbaya tumeiacha, na kwamba ni mimi niliyeigundua.

Bibi yuko katikati yangu na Mama. Amevaa khanga yake ya kijani. Amekuja na chupa yake. Asubuhi alijifungia nayo, akasema ni maji moto na maganda ya machungwa niliyomkaushia jana mimi mwenyewe, kwenye ungo, juani. Ni kweli niliyakausha. Nilimpa mkononi.

Kumi na sita ameingia.

Nilikuwa nimeamua. Njia nzima nilikuwa nimeamua. Nesi akiuliza nitanyamaza, kwa sababu ameacha, kwa sababu aliyamwaga niliona, na mambo ya Mama Riboni nitatafuta njia. Nitamwachia Bibi kibaraza chake. Nilikuwa nimeshapata hata amani kidogo.

Shangazi anauliza kwa sauti ya kusikiwa na benchi zima ni nani siku hizi anayempikia mama yake. Mama amefungua mdomo. Bibi amemtangulia. Amesema, "Mjukuu wangu. Muulizeni yeye, yeye hasemi uongo." Na amefungua chupa, amemimina kikombe nusu, amenipa mimi, mbele yao wote. Anasema onja, mke mwenzangu, uwaambie.

Mlango umefunguka. Kumi na saba. Nesi anatuangalia, Mama ananiangalia, Shangazi ameinama kushika sanduku, sijui ni la kuondoka nalo au la kulisogeza tu. Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine una kikombe. Bibi anatabasamu na nyusi zake zimepanda kidogo, kama zamani nikiwa mdogo, tukimficha Mama sukari.

Sijakionja. Mvuke umenifikia tu puani.

Machungwa. Na chini ya machungwa —

Kina mtu ndani.